Siku ya mbaazi: siku moja ya nahodha wa boti mwenye ugonjwa wa utumbo wa IBS, Lamu

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Naswali, nakunywa maji vuguvugu, kisha nakaa uani bila haraka yoyote mpaka choo kije chenyewe. Nusu saa hii ndiyo iliyonirudishia kazi yangu. Zamani nilikuwa nakurupuka, chai ya maziwa mkononi, mbio hadi gatini. Tukifika katikati ya mkondo msokoto unanikamata chini ya kitovu na jasho jembamba lanitoka, usukani mkononi na abiria 15 mbele yangu. Botini hakuna choo. Asiyewahi kupitia hayo hawezi kujua bahari inavyokuwa pana.

Saa moja nafungua kinywa. Vibibi viwili, yai la kuchemsha, ndizi ambayo haijaiva sana. Mahamri nimeyaacha kwa sababu ya ngano. Vibibi ni mchele, na mchele tumbo langu halijawahi kuukataa. Lakini leo pembeni pana kibakuli kidogo cha mbaazi za nazi, robo kikombe. Sijazitia mdomoni kwa wiki sita. Moyo wanidunda, nasema kweli, kama mtu anayeonana na mpenzi waliyegombana.

Nieleze kidogo. Miaka miwili nilitibiwa amiba, halafu taifodi, halafu vidonda vya tumbo, kila zahanati na vidonge vyake. Mama aliita chango, maradhi ya tumbo ya kienyeji, akanisomea na kuninywesha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Mwishowe daktari mmoja alikaa akaniuliza. Maumivu huja angalau siku moja kwa wiki? Hubadilika ukienda choo? Choo chenyewe kimebadilika, mara chepesi, mara kigumu? Pana damu? Umekonda bila sababu? Huamshwa usiku? Akapima damu na choo, vyote safi. Akaniambia ni IBS (irritable bowel syndrome): ukiutazama utumbo ni mzima, ila mwendo wake umevurugika na hisia zake zimekuwa kali, na mazungumzo kati yake na ubongo hayaendi sawa. Hayo maswali ya damu na kukonda usiyapite. Ukiwa nayo, au ikiwa shida imekuanza ukubwani baada ya miaka 50, usishike mambo ya lishe kabla hujachunguzwa.

Mtaalamu wa lishe ndiye aliyenianzishia mpango uliobuniwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Zipo sukari fulani katika vyakula ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Zavuta maji, zikifika chini bakteria wazichachusha, tumbo lafura. Unaziacha wiki mbili hadi sita, kisha unarudisha chakula kimoja kimoja kwa siku tatu, kila siku ukiongeza kipimo. Watu wengi wanakwama pale pa kuacha, wakaishi na wali mweupe miaka. Hilo ni kosa. Shabaha ni kurudi mezani.

Saa tatu, safari ya Mokowe, upande wa bara. Kusi linavuma, mawimbi mafupi. Natazama ng'ambo na kupumua kwa tumbo, pumzi ndefu, taratibu. Baharia wangu anajua hali yangu tangu nilipomwambia, na siku ile nilipomwambia ndipo nusu ya hofu ilipoondoka. Maana hofu ya kukosa mahali pa kwenda choo ndiyo iliyokuwa ikiuleta msokoto.

Saa saba nyumbani. Hapa ndipo penye kazi kubwa, maana Lamu mchuzi huanza na kitunguu, na kitunguu ndicho kilichokuwa kikiniumiza kuliko pilipili. Mke wangu alilia siku nilipomwambia. Alidhani nakataa mkono wake. Sasa ana njia yake. Anatia mafuta sufuriani, anaangusha punje tatu za kitunguu saumu zilizopasuliwa, anazikaanga mpaka zishike rangi ya dhahabu, kisha anaziopoa zote kabla nyanya hazijaingia. Sukari zile, zilizomo pia kwenye saumu, haziyeyuki katika mafuta, harufu ndiyo inayobaki. Ila zayeyuka majini, kwa hivyo saumu ikikutana na mchuzi wenye maji, kazi imeharibika. Kitunguu cha majani anakata ile sehemu ya kijani tu. Changu ameiva, tui jepesi, ndimu. Wageni hawajatambua kitu.

Saa tisa, narudisha watu wa kisiwa cha Manda, riahi zaanza tumboni. Tumbo languruma, lakini msokoto hakuna. Nangoja. Hakuna.

Baada ya alasiri nakaa barazani na wazee. Kahawa chungu nimepunguza hadi kikombe kimoja, na leo napitisha. Ami mmoja anasukuma sahani ya maembe mbele yangu. "Kula, mwanangu, embe la Lamu halidhuru." Namshukuru, namwambia zamu ya embe bado. Baadaye ananiuliza kwa sauti ya chini kama ule ugonjwa unampata mtu mzima kama yeye. Namsindikiza mpaka kwake tukizungumza. Kesho nitampeleka kwa daktari, maana amekonda.

Saa mbili usiku, wali kidogo, kisha natembea pwani hadi ngomeni na kurudi. Kabla ya kulala nafungua daftari: "Mbaazi, robo kikombe. Riahi saa tisa. Maumivu hapana. Choo mara moja, asubuhi." Mke wangu anasoma begani kwangu, anakwenda jikoni, nasikia mbaazi zikimwagwa kwenye bakuli la maji zilowekwe. Kesho ni nusu kikombe.