Daftari la mizunguko miwili

Mara ya kwanza kuingia Eby Fieldhouse, ukumbi wa kikapu wa chuo cha Coe, sikufuata mpira. Nilifuata joto. Ilikuwa Jumatano ya Januari, basi la kunirudisha nyumbani lilikuwa limenipita nikilitazama, na kwa baridi ya Cedar Rapids, huku Iowa, Marekani, mwezi huo, kusimama kituoni kungoja jingine ni kuzichokoza pua na vidole. Upande wa Coe College, kando ya First Avenue, niliona watu wanaingia kwenye jengo lenye taa nyingi. Nikaingia nao. Nikalipa dola chache mlangoni, nikapanda safu ya juu kabisa, nikavua glovu. Kabla vidole havijapata uhai nilikuwa nimesimama nikimzomea mwamuzi.

Kikapu nakijua. Nimekulia Dar es Salaam, na Jumamosi nyingi za ujana wangu ziliishia viwanja vya Don Bosco nikitazama ligi ya mkoa. Lakini kikapu cha vyuo vya Marekani kwetu kilikuwa na sura moja, ya Hasheem Thabeet, aliyetoka UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, akachaguliwa wa pili katika orodha nzima ya NBA mwaka 2009. Hayo ni mambo ya daraja la kwanza, ya kumbi kubwa na televisheni. Coe iko daraja la tatu, lenye vyuo zaidi ya 400 vinavyocheza kikapu cha wanaume, na kanuni yake kubwa ni kwamba hakuna udhamini wa michezo. Kijana anaweza kusaidiwa ada kwa sababu ya alama zake darasani au hali ya nyumbani kwao, ila kwa kuruka kwake hapati hata senti. Usiku anarushwa sakafuni na jitu la kilo mia, asubuhi ana mtihani wa kemia.

Nikiweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, jamaa wa nyumbani wananiuliza, "Sasa huko kuna wa kwenda NBA?" Nimechoka kueleza. Siku moja niliwajibu kwamba Duncan Robinson, aliyepata jina NBA akiwa na Miami Heat, alianzia Williams, chuo cha daraja hilihili, ndipo wakanyamaza. Lakini si kwa ajili hiyo ninakwenda.

Msimu uliofuata niliweka nia ya kuufuata mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Coe inacheza American Rivers Conference. Konferensi ni kama ligi ndogo ya vyuo vya ukanda mmoja, na hii ina vyuo tisa: vinane viko humuhumu Iowa, kimoja, Nebraska Wesleyan, kiko Lincoln kule Nebraska. Mwezi wa kumi na moja timu hucheza na yeyote aliyekubali mwaliko, mechi za kupasha misuli ukipenda kuziita hivyo. Zile za konferensi zenyewe huanza chache kabla ya Krismasi, kisha Januari na Februari ni moto mtupu. Kila chuo kinakutana na kila chuo mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla mechi 16. Mswahili aliyezoea soka haelezwi zaidi ya hapo: mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili, msimamo. Na usidhani ni ndondo. Hao Nebraska Wesleyan waliingia konferensi hii mwaka 2016, na 2018 wakawa mabingwa wa daraja la tatu nchi nzima kwa kuwafunga Wisconsin-Oshkosh 78 kwa 72.

Tatizo langu lilikuwa siku. Mechi ni Jumatano jioni na Jumamosi alasiri, wanawake kwanza, wanaume baadaye. Mimi natunza wazee, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Jumamosi nilikuwa huru, Jumatano sikuwa. Kazini tuna Mkongo mmoja wa Bukavu, mtu mzima kuliko mimi, ambaye sote tunamwita Papa kama wanavyoitana kwao. (Kwa sisi wa pwani ilituchukua muda. Kumwita mtu papa, halafu umwombe chumvi mezani, si jambo jepesi.) Papa ni mwimbaji wa kwaya na Jumapili zilikuwa zinamponyoka kila wiki. Tukapatana: Jumapili zake nichukue mimi, Jumatano zangu achukue yeye. Msimamizi alitutazama kama watu waliobadilishana viatu, akasaini.

Kilichobaki ni kuuelewa mchezo wenyewe, maana nilichokijua kilinidanganya. Sisi tumezoea robo nne za dakika kumi na sekunde 24 za kutupa. Hapa wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika ishirini na sekunde 30, wakati wanawake, kwenye sakafu ileile saa mbili kabla, wamecheza robo nne. Kilichonitia aibu ni faulo. Timu ikifikisha faulo ya saba katika kipindi, mpinzani anapewa mtupo huru mmoja; akiuingiza ndipo anapata wa pili, akikosa mpira uko hai. Mitupo miwili ya uhakika inakuja faulo ya kumi. Mimi nikaona kijana wetu amekosa wa kwanza, watu wanagombania ribaundi, nikapiga kelele, "Bado mmoja! Bado mmoja!" Kwa Kiswahili, kwa bahati nzuri.

Mzee aliyekaa mbele yangu aligeuka. Huyu huja na daftari la kuandikia takwimu, kila pointi na kila faulo kwa penseli, ingawa takwimu hizohizo ziko kwenye simu ya kila mtu. Akanieleza kanuni ile polepole, bila kucheka. Tangu siku hiyo nikawa nakaa nyuma yake. Ndiye aliyenisimulia habari za Grinnell, chuo kilicho mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa, katika konferensi nyingine, ambako tarehe 20 Novemba 2012 Jack Taylor alifunga pointi 138 peke yake. Alitupa mara 108, zikaingia 52. Kati ya hizo 108, za pointi tatu zilikuwa 71, zikaingia 27. Nikamwuliza kama wenzake walikuwa wanajua kwamba nao wanaruhusiwa kutupa. Akasema hilo ndilo swali lake pia tangu siku ile.

Kwake niliiga wazo la daftari, ila langu nililipanga kivyangu. Takwimu sikuziandika. Kila mpinzani nilimpa kurasa mbili zinazotazamana: kushoto mzunguko wa kwanza, kulia wa pili. Upande wa kushoto niliandika yale ambayo mtu angemwambia jirani akirudi uwanjani. "Gadi wao mfupi hapiti kushoto hata ufungue mlango." "Wakitangulia kwa pointi kumi wanaanza kucheza na saa." Ukurasa wa kulia ukabaki mweupe, unangoja mwezi.

Na watu wenyewe wakaanza kunizoea. Ukumbi wa chuo kidogo umejaa wazazi, babu, bibi, marafiki wa bwenini na walimu wawili watatu. Mtu mzima mweusi anayekuja kila mechi na daftari lazima awe baba wa mtu. Mama mmoja alinisogelea wakati wa mapumziko, akaniuliza kwa upole mwanangu ni yupi. Nikamwambia sina mtoto pale. Akaniangalia kama mtu aliyekutwa msibani halafu ikabainika hamjui marehemu. Mechi iliyofuata aliniletea biskuti za nyumbani kwenye kifuko.

Ugenini kulitegemea gari la Papa, kwa hiyo ni Jumamosi tu. Dubuque ndiko karibu, na mji mmoja una vyuo viwili vya konferensi, Loras na University of Dubuque. Kilima hiki na kile, na Mississippi chini yao. Pella tulikwenda kucheza na Central, ambao timu yao inaitwa Dutch kwa sababu mji uliasisiwa na Waholanzi. Wamejenga kinu cha upepo katikati ya mji, na mitaa imepambwa kama kadi ya posta.

"Hawa ni watu gani?" Papa akauliza tukiegesha gari.

"Waholanzi."

"Ndugu yangu, mimi Wabelgiji walinitosha."

Lakini aliponunua mkate wenye lozi kwenye duka lao akasamehe historia yote.

Storm Lake, kwa Buena Vista, na Lincoln sikujaribu. Hizo nilizifuata kwa takwimu za moja kwa moja kwenye simu, mistari inayopanda mmoja mmoja, na hakuna adha kama simu inayoganda zimebaki sekunde kumi na mbili. Decorah, kwa Luther, tulijaribu. Theluji ilituanza kabla ya kufika mji unaoitwa Independence, yaani Uhuru, na uhuru wetu ukaishia hapo hapo: malori yamelala mtaroni, upepo unafuta barabara tukiiangalia. Papa akageuza gari bila kuniuliza. Njia nzima ya kurudi hatukuzungumza habari za mpira. Mechi moja ya nyumbani nayo iliahirishwa kwa theluji ikawa kiporo cha Jumatatu, siku ya zamu yangu, na hakuna kwaya ya Jumatatu ya kubadilishana nayo. Kwa hiyo katika nane za nyumbani niliona saba, na ugenini nne.

Utamu, nasema wazi, uko mzunguko wa pili. Mzunguko wa kwanza kila timu ina lake la kukushtukiza. Wa pili wote wanajuana, makocha wamekesha na video, na mchezo unakuwa mabishano ya watu waliokwisha kubishana jambo hilohilo. Ligi kubwa yenye timu nyingi haikupi hilo. Unakutana na mtu mara moja, mnaachana.

Kulikuwa na timu moja, jina nalihifadhi, iliyotuchapa mzunguko wa kwanza kwa ajili ya senta wao. Mrefu, mpana, amesimama chini ya kikapu kama mlinzi wa benki, kila kijana wetu anayeingia anatolewa mpira mkononi. Ukurasa wa kushoto niliandika: "Mrefu hatoki. Nani atamtoa?" Marudiano, nyumbani kwetu, tangu dakika ya kwanza nikaona mtu wetu mkubwa anakwenda kusimama nje, nyuma ya mstari wa pointi tatu, mahali ambapo hajawahi kuwa na shughuli. Akatupa, akakosa. Akatupa tena, ikaingia. Nikamshika Papa mkono.

"Sasa tazama mrefu. Akibaki ndani anapigwa tatu, akitoka njia iko wazi."

Mrefu akabaki. Ikaingia nyingine. Kufika mapumziko Papa, ambaye hadi siku hiyo alikuwa anakuja kwa ajili ya safari na bisi, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina jamaa kwenye benchi la ufundi. Tulishinda. Ukurasa wa kulia niliuandika mpaka pembezoni.

Mechi ya mwisho ya nyumbani huwaaga wa mwaka wa nne. Kila mmoja anaingia katikati ya uwanja na wazazi wake, maua, picha, makofi. Wengi wao ndiyo mwisho wa kucheza mbele ya watu wanaolipa kuwatazama. Mama wa biskuti alipita na mwanawe, ambaye kumbe alikuwa yule wa mtupo huru niliyempigia kelele.

Baada ya mechi 16 kinafuata kinyang'anyiro cha konferensi chenyewe, cha mtoano. Aliye juu kwenye msimamo anacheza kwake. Bingwa anapata tiketi ya moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya timu 64. Wengine wote wanakaa kusubiri huruma ya kamati. Sisi tulipangiwa ugenini, na mpinzani ni walewale wa mrefu. Siku yenyewe ilikuwa nje ya makubaliano yetu ya zamu, mimi nikawa kazini, Papa nyumbani kwake na video.

Nilipopata mapumziko ya dakika kumi na tano niliingia stoo ya shuka, nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua, nikafungua simu. Takwimu zilikuwa zimeganda kama kawaida yake. Lakini kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Papa, na mwingine, na mwingine. Wa kwanza alikuwa anacheka. Wa pili alikuwa ameacha. Wa tatu alipaza sauti mpaka nikaibana simu kifuani, wazee wasiamke:

"Ndugu! Ule mrefu anatoka! Anatoka, anamfuata mpaka nje, na nyuma yake wameweka mwengine! Wamejifunza, ndugu, wamejifunza!"

Takwimu zilipofunguka mechi ilikuwa imekwisha. Nilifika nyumbani karibu saa sita usiku, mji mzima unanuka uji wa Quaker kwa ajili ya kile kiwanda kando ya mto, nikaketi na daftari. Kushoto kumejaa, kulia kumejaa. Ukurasa wa mara ya tatu sikuwa nimeuacha. Nikafungua jalada la nyuma, chini ya kibandiko cha bei, nikaandika tarehe, jina lao, na maneno mawili: "Mrefu katoka."