Neno Lenye Usiku Saba Ndani Yake

Wiki iliyopita, nikisubiri daladala Kariakoo huku nikisoma tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, nilikwama kwenye neno "sennight", ambalo Waingereza wa leo wameacha kulitumia. Maana yake ni wiki moja, lakini ukilipasua unakuta usiku saba, kwa kuwa limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale, "seofon" na "niht". Ndugu yake "fortnight", yaani usiku kumi na nne, bado li hai Uingereza kwa maana ya wiki mbili.

Kwa nini usiku, na si mchana? Mwandishi wa Kirumi, Tacitus, aliandika mnamo mwaka 98 kwamba makabila ya Kijerumani yalihesabu usiku badala ya siku, na Kiingereza kimechipuka katika ukoo huohuo wa lugha. Sisi wa Dar es Salaam hatuna sababu ya kushangaa, maana kwa Waislamu siku huanza jua linapotua, na bibi akitaja usiku wa Ijumaa huenda anakusudia Alhamisi baada ya magharibi. (Alhamisi yenyewe ina kisa chake: jina hilo la Kiarabu limebeba tano, na jirani yake Jumatano amebeba tano ya Kibantu, hivyo wiki yetu ina siku mbili za tano.)

Nadhani "sennight" lilishindwa kwa sababu "week", neno fupi na la kale vilevile, lilikuwa tayari linafanya kazi hiyohiyo.