Maumivu ya HSG: dawa ya kumeza ni nusu tu ya kazi

Picha ya eksirei ya mirija ya uzazi, HSG, huuma hasa pale puto la kateta (mpira mwembamba wa kupitishia dawa) linapojazwa ndani ya mlango wa kizazi, na tena dawa ya kuonyesha picha inapoujaza mji wa mimba. Sehemu hiyo ya pili ni mkakamao kama wa hedhi kali, na kwa wengi hupungua ndani ya dakika chache.

Kinachotumika sana ni ibuprofen miligramu 400, saa moja kabla, baada ya kula. Ukiimeza tayari umelala kitandani, umechelewa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na aspirini aiache, aulize kuhusu paracetamol gramu 1.

Mengine yako mikononi mwa anayepiga picha, na hapa ndipo wagonjwa husahau kuuliza: je, dawa ya kuonyesha picha itapashwa hadi joto la mwili? Itasukumwa polepole? Presha ya ghafla huumiza, tena inaweza kuukaza mrija ukaonekana umeziba kumbe uko wazi. Ganzi ya sindano kwenye mlango wa kizazi ipo, ila sindano yenyewe nayo inauma.

Kama umewahi kuteseka kwenye kipimo cha namna hii, omba dawa ya usingizi mwepesi mapema. Utahitaji kufunga kula na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Homa, uchafu unaonuka au maumivu yanayozidi baadaye: rudi hospitali siku hiyohiyo.