Wati 100 zilizima, wati 60 zikabeba

Kwa miezi kadhaa niliamini spika zangu mpya ni mbovu. Ni zile za kusimama sakafuni, zinanifika kiunoni, na nilijinyima sana kuzipata. Kwa sauti ya chini zilikuwa tamu. Nikipandisha kidogo, ngoma na besi zikaingia pamoja, amplifaya (kifaa kinachozipa spika nguvu) ilitoa mlio wa "tak!" kisha kimya. Taa nyekundu inawaka. Nasubiri, nawasha tena, wimbo unaendelea kama hakuna lililotokea.

Amplifaya yenyewe ilikuwa ya aina ile ya kuendesha televisheni na spika saba, imeandikwa wati 100 kila chaneli. Kijitabu cha spika kilisema zinahitaji wati 30 hadi 150. Basi tatizo liko wapi? Nilidhani ni joto, nikaitoa kabatini na kuiweka mahali pa wazi. Ikazima vilevile. Nyuma kulikuwa na swichi ya kuchagua omu 8 au omu 4, omu zikiwa kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme. Nikaipeleka kwenye 4, nikajiona mjanja. Kuzima kulipungua kweli, ila muziki ukapooza. Baadaye nilijifunza kwamba kwenye amplifaya nyingi za namna hiyo swichi ile hupunguza volti zinazolisha transista ili kifaa kisichemke. Unaponunua nguvu halafu ukaibana mwenyewe kwa kidole, huna wa kumlaumu.

Nilichokuwa sijakitazama ni grafu ya impedansi, yaani ukinzani wa spika kwa umeme wa muziki. Omu 6 zilizobandikwa nyuma ya spika ni jina tu la kuitia. Impedansi hupanda na kushuka kufuatana na masafa ya sauti (mitetemo kwa sekunde, yaani hezi), na kwenye spika zangu ilifika karibu omu 20 kwenye hezi 70, kisha ikaporomoka hadi omu 3.2 kwenye hezi 110 hivi, palepale gitaa la besi linapotembea. Volti zikibaki zilezile na omu zikapungua nusu, mkondo wa umeme huongezeka maradufu. Amplifaya ilikuwa inaishiwa ampea, yaani mkondo, huku mimi nahesabu wati.

Rafiki yangu aliniazima amplifaya yake ya valvu, zile taa za kioo zinazofanya kazi ya transista. Sauti za waimbaji, nakiri, sijazisikia tena namna ile. Lakini besi ilivimba, kila noti ikawa na mkia. Sababu ni hesabu ya darasani: ile ya valvu ilikuwa na ukinzani wake wa ndani wa omu 2 hivi, na huo hugawana volti na spika. Spika ikiwa kwenye omu 20 hupata asilimia 91 ya volti. Ikishuka kwenye 3.2 hupata asilimia 62 tu. Tofauti hiyo inapita desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo amplifaya ilikuwa inaichora upya sauti ya spika. Tulipohamisha waya kwenye tundu la omu 4, mkia ulipungua, haukwisha. Nikairudisha kwa shingo upande.

Kabla ya kununua nyingine niliamua kupima ninachohitaji hasa. Nilitafuta mlio wa majaribio wa hezi 60 uliorekodiwa desibeli 12 chini ya kiwango cha juu kabisa. Nikaweka muziki kwa sauti kubwa kuliko zote ninazoweza kuvumilia, nikaacha kitasa cha sauti hapohapo, nikacheza mlio ule na kuweka mita ya kupimia umeme kwenye vituo vya spika, pale waya zinapofungwa, upande wa volti za AC. (Chunga ncha za mita zisigusane, ukiunganisha vituo viwili unaweza kuiua amplifaya.) Nilisoma volti 3. Desibeli 12 ni mara nne ya volti, kwa hiyo muziki ukifika kileleni ni volti 12. Kwa omu 8 hizo ni wati 18. Kwa omu 3.2 ni wati 45, na mkondo wa karibu ampea 4.

Wati 45! Nami nilikuwa nimeshaanza kutamani amplifaya ya wati 300.

Kuanzia hapo nilisoma mstari mmoja tu kwenye vijitabu: inatoa wati ngapi kwa omu 8, na ngapi kwa omu 4. Inayokaribia kuongeza maradufu ina transfoma na transista zenye pumzi. Isiyotaja omu 4 kabisa niliiruka. Nilichukua ya chaneli mbili, wati 60 kwa omu 8 na 110 kwa omu 4, nzito kuliko ile ya spika saba ingawa ni ndogo kwa umbo. Uwezo wa spika wenyewe, yaani sauti zinayotoa kwa volti fulani, desibeli 85 kwa volti 2.83 katika umbali wa mita 1, niliuchukulia kwa tahadhari, maana volti hizo ni wati 1 kwa omu 8 lakini ni wati 2 kwa omu 4. Spika zenye omu chache huonekana nyepesi kuendesha kuliko zilivyo.

Usiku wa kwanza niliweka wimbo uleule uliokuwa unazima. Besi ikaingia, ngoma ikafuata, mkono wangu ukiwa tayari karibu na swichi. Kilicholalamika safari hii ni kioo cha kabati, na hicho nilikitulizia kipande cha karatasi kilichokunjwa.