Kafuta zote, kisanduku bado kimejaa

Leo mchana nilikuwa Kurasini, kwa wakala mmoja wa forodha. Joto la Dar hilo, feni inazungusha hewa ya moto tu.

Mama wa uhasibu kanipokea: "Mwanangu, nafuta barua pepe tangu asubuhi, bado wateja wanarudishiwa zao. Eti kisanduku kimejaa!"

Na kweli alifuta. Hata pipa la taka lilikuwa tupu.

Nikaiuliza seva yenyewe kwa GETQUOTAROOT, amri ya kuuliza nafasi iliyotumika na kikomo chake. Jibu:

STORAGE 1048570 1048576

Namba ya kwanza ni nafasi iliyotumika, ya pili ni kikomo, na huhesabiwa kwa vipande vya baiti 1024. Yaani kati ya GB 1, zimebaki KB 6. Hati ya mzigo iliyoskaniwa itapenya wapi hapo?

Kwenye IMAP, ile njia ya programu kusoma barua zilizo kwenye seva, kufuta ni kuibandika barua alama ya \Deleted tu. Bila EXPUNGE, amri ya kuziondoa kabisa zenye alama hiyo, iko palepale inakula nafasi. Programu yao ilikuwa inazificha, basi. Uvivu wa aliyeiandika, mimi naona.

Nikatuma EXPUNGE. Mama kaitazama ile namba ikishuka, kaguna, "Kumbe zilikuwa zimejibanza humo!"

Sasa nawaongezea onyo la mapema. Mimi nataka asilimia 80, bosi wao anang'ang'ania 95.

Wataalamu, nyie mnaweka ngapi?