Madoa manne ya fukusi: yaaminiwe kwa kiasi gani?

Fukusi watatu wa nafaka, wote wa jenasi ya Sitophilus, hufanana kiasi kwamba anayewatazama kwa macho matupu huona mdudu mmoja tu, mwenye rangi ya kahawia au nyeusi na mdomo uliochomoza mbele kama mkonga. Mimi huanza na madoa ya mgongoni, na kwa hatua hiyo ya kwanza yanafaa sana. Fukusi wa mchele, Sitophilus oryzae, na fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, kwa kawaida wana madoa manne mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa, mawili kwenye kila bawa gumu: moja karibu na bega, jingine karibu na ncha. Sitophilus granarius hana doa lolote, tena hawezi kuruka, na vishimo vya kifuani mwake vimerefuka, ilhali vya wenzake ni vya mviringo. Hapo kioo cha kukuzia kinatosha.

Ugumu uko kati ya hao wawili wenye madoa. Husemwa kwamba zeamais ni mkubwa zaidi, anang'aa, na madoa yake yana kingo dhahiri, na kwa wastani ni kweli. Lakini buu hukulia ndani ya punje moja mpaka awe mdudu kamili, kwa hiyo punje ndogo huweza kutoa fukusi mdogo wa spishi yoyote. Rangi nayo hubadilika na umri, maana fukusi aliyetoka punjeni karibuni huwa na wekundu mwili mzima, na madoa yake hayajitokezi vizuri mpaka mwili ukolee weusi. Si ajabu kwamba, ingawa mwanasayansi Linnaeus alimwelezea oryzae kama spishi mwaka 1763 na mtaalamu wa wadudu Motschulsky akamwelezea zeamais mwaka 1855, kwa miaka mingi baadaye wengi waliwahesabu kuwa spishi moja yenye wadogo na wakubwa.

Kinachokata shauri ni viungo vya uzazi chini ya hadubini. Uume wa oryzae ni laini na umebinuka kwa juu. Wa zeamais una mifereji miwili inayokwenda kwa urefu wake. Kwa sababu hiyo, ninapopewa picha ya mgongo peke yake, hata iwe safi namna gani, huandika Sitophilus mwenye madoa manne na kuacha nafasi ya jina la spishi wazi.