Mifuko 17 ya urea niliyokuwa naimwaga ziwani

Nafuga sato kwa vizimba, nyavu zinazoelea majini, kwenye Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Kabla ya hapo nilikuwa mchuuzi wa dagaa kwa miaka tisa, naanika kwenye chanja na kuuza kwa madebe. Siku hizi napigiwa simu na watu wanaotaka kuanza vizimba, na karibu wote wana maswali mawili: vifaranga vinapatikana wapi, na faida ni kiasi gani. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza kile kinachoanguka chini ya kizimba kinakwenda wapi. Nami wakati naanza sikuliuliza swali hilo, na lilinigharimu samaki.

Nilianza mwaka 2020, mwaka ambao ziwa lilijaa mpaka likameza mialo ya kushushia samaki, na vibanda vyetu vya dagaa vikaingia majini. Nilichukua mkopo wa kikundi, nikaongeza akiba yangu, nikatengeneza vizimba sita vya mita 5 kwa 5, wavu ukishuka mita 3, mabomba ya chuma yakielea juu ya mapipa ya plastiki. Kila kizimba vifaranga 2,500. Vizimba tukaviweka kwenye kihori, yaani kighuba kidogo, karibu na nyumbani, penye maji ya mita 4 na nusu. Nilipapenda kwa sababu nikikaa barazani naviona vyote sita, mwizi akija taa inammulika, na upepo haufiki kuchana nyavu. Mahali pale nilipachagua kwa ajili ya usingizi wangu. Samaki wenyewe sikuwafikiria.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri. Ya pili yakachelewa, samaki wakawa wadogo, nami nikamlaumu aliyeniuzia vifaranga. Mavuno ya tatu hayakufika.

Ilikuwa msimu wa mvua za vuli. Siku tatu mfululizo mawingu yalitanda, ziwa likatulia tuli, maji ya kihorini yakawa ya kijani kizito kama mtu aliyemwagia rangi. Usiku wa nne ukaja upepo mkali na mvua. Saa kumi na moja alfajiri kijana wangu wa kulisha akanigongea dirisha: “Mama, samaki wako juu wote, wanahema.” Tulipofika na mtumbwi, vizimba vitatu vya upande wa nchi kavu vilikuwa vyeupe kwa matumbo ya sato. Samaki waliokuwa hai walikuwa wametoa midomo nje ya maji, wanaivuta hewa ya juu. Tulijaribu kuvuta vizimba vingine kwenda nje ya kihori kwa mitumbwi miwili ya majirani, na hivyo ndivyo vilivyopona.

Kufika saa mbili, watu wawili walikuwa wamekuja mwaloni kuninunulia samaki wafu ili wakawakaushe. Bei yao haikuwa mbaya, na mimi nilikuwa na deni. Nilikataa. Mwaka 2018 watafiti walikuwa wametangaza kwamba kirusi cha sato kimeonekana katika ziwa letu, upande wa Tanzania na wa Uganda, na sikujua bado kilichoua samaki wangu ni nini. Tulichimba shimo mbali na maji, tukawazika kwa chokaa. Kazi hiyo ilituchukua siku mbili, na harufu yake naikumbuka mpaka leo.

Afisa uvuvi wa kata alikuja siku ileile na kipimo cha hewa ya majini. Kando ya vizimba vilivyokufa, oksijeni ilisoma miligramu 1.8 kwa lita. Nje ya kihori ilisoma 5.6. Sato ni mvumilivu, lakini ikishuka chini ya 3 anataabika, na ikikaa huko saa nyingi anakufa. Sangara ndiye huanza kufa mapema zaidi, kwa kuwa anahitaji hewa nyingi. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 wenzetu wa Uganda waliona sangara wakubwa wakielea kwa wingi, na serikali yao ikasema chanzo ni upungufu wa oksijeni. Kwa hiyo jambo hili halihitaji kirusi wala sumu ya adui. Maji yakikosa hewa, basi.

Swali lililobaki ni kwa nini kihori changu kilikosa hewa na nje ilikuwepo. Afisa hakunieleza kwa maneno. Alichukua bomba la plastiki la mita 6 tulilokuwa tumeliweka kwa ajili ya tangi la nyumbani, akalisimamisha chini ya kizimba namba mbili, akalisukuma kwenye tope, akaziba tundu la juu kwa kiganja na kulivuta. Lililotoka lilikuwa jeusi kama lami, linanuka yai viza. Ndani yake kulikuwa na punje za chakula ambazo hazijayeyuka, zimevimba. Akarudia mita 100 pembeni: tope la kahawia, halinuki kitu, na konokono mmoja hai. Nilisimama ndani ya ule mtumbwi nikaona aibu.

Huko chini, bakteria walikuwa wanaozesha kinyesi na chakula kilichobaki, na kazi hiyo inakula hewa. Wakati maji yametulia, maji yasiyo na hewa hukaa chini na samaki wanaishi juu yake bila habari. Upepo ukija ghafla unayakoroga, yanapanda. Wavu wangu ulikuwa mita moja na nusu tu kutoka kwenye tope hilo. Zaidi ya hapo, ule ukijani wa juu, ambao ni mimea midogo sana ya majini, ulikuwa umenawiri kwa mbolea inayotoka kwenye kinyesi na chakula hicho. Mchana unatoa hewa, usiku nao unahitaji kuivuta, na kwenye siku za mawingu unavuta kuliko unavyotoa.

Niliposikia neno mbolea nikashituka, nikataka kujua ni kiasi gani. Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mwenye kizimba anaweza kuifanya kwa kusoma mfuko wa chakula. Mimi nilikuwa natumia kilo 1,900 za chakula kupata tani moja ya samaki. Mfuko unasema protini asilimia 30, kwa hiyo nilimwaga kilo 570 za protini. Katika protini, sehemu moja kati ya 6 na robo ni naitrojeni, kirutubisho kilekile kilichomo kwenye mbolea ya urea: hiyo ni kilo 91. Samaki niliowavuna wanaondoka na kilo kama 26 ndani ya miili yao. Kilo 65 zinabaki ziwani, na fosforasi nayo inabaki kwa njia hiyohiyo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Maana yake ni kwamba kila tani ya sato niliyojivunia, nilikuwa nimemwaga majini karibu mifuko mitatu ya urea. Kwa vizimba sita, mavuno ya tani sita, mifuko 17. Kama jirani angenishika nikifungua mifuko 17 ya urea na kuimwaga kihorini, angenipeleka kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, na angekuwa na haki.

Ziwa letu halina njia nyepesi ya kujisafisha. Maji yake mengi yanaingia kwa mvua na kutoka kwa jua. Mto unaotoa maji nje ya ziwa ni mmoja tu, Nile pale Jinja, Uganda. Maji yanapanda kama mvuke, mbolea inabaki. Wala si vizimba peke yake: yapo maji machafu ya mijini, mashamba, sabuni. Magugumaji tuliyoanza kuyaona mwishoni mwa miaka ya 1980 hayakuletwa na wafuga samaki. Lakini tope la chini ya kizimba changu lilikuwa langu, na hilo sikuweza kumsukumia mtu.

Nilipotaka kuhama, kikwazo cha kwanza hakikuwa fedha. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa mwalo, mvuvi wa nyavu tangu ujana wake. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akakaa kimya muda mrefu. “Mwanangu,” akasema, “pale kwenye matete sato walikuwa wanazalia kabla vyuma vyako havijaja. Ulituomba?” Sikuwa nimewaomba. Nilikuwa na barua ya kijiji tu, wavuvi wenyewe nilikuwa sijakaa nao. Vikao na kikundi chao cha kulinda rasilimali za uvuvi vilichukua mwezi na nusu. Wao ndio walionionyesha mahali nilipo sasa: maji ya mita 12, mkondo unapita, si njia ya mitumbwi, na ni mbali na matete. Elimu ile ya ziwa sikuipata kwenye semina yoyote niliyohudhuria, na nimehudhuria nyingi.

Kulisha ndiko kulikobadilika zaidi. Zamani amri yangu kwa kijana ilikuwa mifuko mitatu iishe kila siku, naye alikuwa mtiifu, anaimaliza hata kama samaki wamezama. Siku hizi hatulishi kabla ya saa tatu asubuhi, kwa kuwa alfajiri ndipo hewa iko chini kabisa. Tumetengeneza pete ya mpira wa kumwagilia bustani, inaelea katikati ya kizimba, punje haziponyoki kwenye wavu. Anarusha kidogo, anatazama. Samaki wakianza kupunguza fujo anaacha, hata kama kopo limebaki nusu. Siku ya mawingu isiyo na upepo hatulishi kabisa. Kila wiki mbili tunavua samaki 50 na kuwapima uzito, ili kiasi cha chakula kifuate samaki waliopo, maana tukikisia kwa macho tunazidisha. Mshahara wa kijana nimeuongezea kifungu: kila mfuko anaookoa bila samaki kudhoofika, anapata chochote. Hapo ndipo alipokuwa mwalimu wangu.

Baada ya misimu miwili tukafika kilo 1,500 kwa tani moja. Kwa tani sita, nimeokoa kilo 2,400, yaani mifuko 120 ya kilo 20. Na urea? Imeshuka kutoka mifuko 17 hadi 12. Watu husifia nikiwaambia hivyo. Mimi naitazama ile 12.

Kuhamia kwenye kina kumenigharimu pia. Petroli ya boti, mlinzi wa kulala majini, nanga nzito zaidi. Mwezi Agosti mmoja upepo wa kusini ulichana kizimba kizima, sato wakaenda zao. Nilikuwa na mpango wa kufikisha vizimba 12, nimeuacha. Na kila baada ya mavuno navihamishia kwenye eneo la pili, mita 150 pembeni, ili tope lipumzike.

Jambo la dagaa linaniuma kwa namna nyingine. Chakula cha samaki kina dagaa ndani yake, na mimi nimelishwa na dagaa, nikasomesha watoto kwa dagaa. Wanawake niliokuwa nao kwenye chanja sasa wanagombania mzigo na wanunuzi wa viwanda vya chakula cha mifugo, na mlaji wa kipimo kidogo ndiye anayekosa. Nimebadilisha chakula, natumia chenye soya na mashudu ya alizeti zaidi. Sato hana shida nacho, ila anachelewa kama wiki mbili kufika gramu 450. Nimekubali wiki hizo mbili.

Mwaka jana ulifanyika mkutano wa kijiji kuhusu mradi mkubwa wa vizimba uliokuwa unaombewa nafasi kwenye ghuba, tani 1,000 za samaki kwa mwaka. Walikuja wataalamu na makabrasha ya tathmini ya athari kwa mazingira. Ajira zikatajwa, barabara ikatajwa. Nilinyoosha mkono. Nikasema, nyinyi mna mitambo na wataalamu, tuseme mtalisha vizuri kama sisi, kilo 1,500 kwa tani. Basi zitabaki kilo 46 za naitrojeni kwa kila tani, sawa na mifuko miwili ya urea. Kwa tani 1,000 ni mifuko 2,000, kila mwaka, ghuba moja. Inakwenda wapi? Mtaalamu akasema mkondo utaisambaza. Yule mzee wa mwalo akauliza kwa sauti ya chini, isambae iende kwa nani, maana ng'ambo nako kuna watu. Mkutano ukaahirishwa. Kijiji kimeomba vipimo vya mkondo vya misimu yote miwili, kipupwe na masika, na kimeomba kwamba oksijeni na tope vipimwe kila mwezi huku wavuvi wakishuhudia. Majibu hayajaja.

Mimi mwenyewe kila Jumamosi nashusha kopo zito la bati kwa kamba chini ya kila kizimba, naliburuza kidogo, nalipandisha na kunusa. Bomba halifiki tena kwenye kina hiki. Wiki hii vizimba vitano vimetoa tope la kahawia. Cha nne limeanza kuwa na weusi pembeni, harufu bado. Samaki wake wana gramu 380. Nitawavua mapema, kabla hawajafika 450, kisha kile kizimba nikiondoe pale.